Mihuri ya Ba Juu ya Tembe

Ndoo yenyewe ilikuwa ya kawaida, nyeupe, ya zile zinazouzwa na rangi ya ukuta ndani, na mfuniko wake umebanwa kwa mpira wa baiskeli. Mwalimu Rehema alipoufungua mbele ya wanafunzi wake, harufu ikanipanda puani, nami nikatafuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. Ilikuwa harufu ya vyuma vya kutu vilivyolala wiki tatu kwenye maji na sukari guru. Kama hujawahi kuinusa, chukua kisu kilichochinja mbuzi jana na hakikuoshwa, kitumbukize kwenye pombe iliyochacha, kisha uiname hapo uvute pumzi. Wanafunzi wakaziba pua kwa fulana zao. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, hii si rangi, huu ni msiba."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema kweli bila kujua.

Nieleze kwanza nilifikaje pale, kwa sababu mimi na chuo hatukujuana kabla ya hapo. Nilisoma ngumbaru tu, nikiwa tayari na watoto wanne, na haya naandika kwenye kauntabuku la mjukuu wangu, polepole, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Chuo kile cha Dodoma kinafundisha vijana ubunifu wa nguo, mapazia, mashuka, vitu vya nyumba za watu wenye nafasi. Mwaka huu walimu wakaona vijana wanachora kwenye kompyuta tu, mikono yao haijui kitu, wakaamua wawafundishe na kazi za Wahindi wa zamani, ile ya kupiga chapa kitambaa kwa mihuri ya mti. Mwalimu Rehema kaisoma kazi hiyo yote. Mihuri kaiagiza huko huko India, ikaja imefungwa kwenye gazeti lenye maandishi yanayoning'inia kama nguo kwenye kamba. Lakini rangi ikamkatalia. Ilitoka kijivu, ikafuliwa mara moja, ikaondoka. Mtu akamwambia, yuko bibi mmoja huko Bahi, anaijua kazi hiyo. Ndipo wakanifuata. Nikapanda basi na kifurushi kimoja nimekifunga kwenye kitenge, na kilichokuwamo nitakisema wakati wake ukifika.

Sasa twende Bahi, Bahi ya utoto wangu.

Bahi ina tabia mbili. Mwaka wa mvua mbuga yote inakuwa maji, watu wanavua kambare mpaka wanachoka kuwala, na nyumba nzima inanuka samaki. Mwaka wa ukame maji yanakwenda yanakojua yenyewe, unabaki udongo mweupe uliopasuka, na upepo unaokula macho. Mwaka ninaousimulia ulikuwa wa ukame. Kulikuwa na stesheni ya treni, na karibu yake duka la Mhindi aliyeitwa Kanti, lenye paa la bati. Sisi Wagogo tulikaa kwenye matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa la udongo, unaweza kupanda juu ukalala. Tembe letu lilikuwa limeegemea kilima, kwa nyuma paa lilikuwa karibu sawa na ardhi, na mbuzi walikuwa wakipanda juu kama wenye nyumba. Paa la tembe lilikuwa ghala letu, na uwanja wetu, na kikaango chetu. Mlenda tulianika huko. Karanga huko. Uwele, maboga yaliyokatwa, ngozi, hata mtoto mchanga aliyekojoa usiku, shuka lake huko. Kitu ukikipenda na kimeloa, unakipandisha juu. Hilo hakuna aliyenifundisha, nililikuta kama nilivyomkuta mama.

Kanti alikuwa na mama yake, na kwa kuwa yeye alimwita Ba, kwao ndiyo kusema mama, kijiji kizima kikamwita Ba. Jina lake lenyewe silijui mpaka leo. Alikuwa mfupi, mwembamba, amejitanda nguo nyeupe tangu kichwani, siku zote nyeupe, maana kwao mjane alikuwa havai rangi. Lakini mikono yake ilikuwa myeusi mpaka kwenye vifundo, kama aliyeshika masizi. Watoto tulimwogopa kwa mikono hiyo. Tulimwogopa pia kwa sababu ya mihuri. Sisi muhuri tuliujua mmoja tu, wa ofisi ya serikali, uliokuwa ukigongwa kwenye karatasi baba akirudi ameinama. Sasa bibi mwenye mihuri mitatu mikubwa kama mikate, tukasema, huyu ni serikali ya Wahindi.

Mama yangu alikuwa akiwachotea maji na kuwafulia. Mimi nilimfuata. Siku moja Ba akaniita kwa kidole, akanipa kitambaa na kibakuli cha mafuta ya nyonyo.

"Toto, pakaa."

Nikaupaka ule muhuri mafuta. Yalizama kama maji kwenye mchanga.

"Naona?" akasema. "Miti iko hai. Nakunywa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, nikiwa na miaka tisa au kumi, sisi tulihesabiwa kwa njaa, si kwa miaka. Ua moja lilitengenezwa na mihuri mitatu. Wa kwanza ulichora mstari, wa pili ukajaza ndani ya petali, wa tatu ukajaza nje. Pembeni mwa kila muhuri palikuwa na nukta ndogo, na nukta ya huu lazima ikae juu ya nukta ya ule. Mimi nilikuwa nikiangalia ua. Ba akanigonga kidole: "Macho kwa nukta. Ua nakuja yenyewe." Tena nilikuwa nikiusukuma muhuri kwa kiganja, naye akaninyanyua mkono, akanifungia ngumi, akanionyesha: "Usisukuma. Gonga." Sauti ya ngumi yake juu ya mti, dup, ilisikika mpaka stesheni. Ilikuwa kama moyo wa nyumba ile. Kanti alikuwa akisema dukani, "Ba, wateja wanadhani tunatwanga."

Rangi aliitengeneza na vitu vya kwetu. Vile vitunda vya kwao vya kulowekea kitambaa vilikuwa vikija kwa meli, kisha vikaacha kuja. Akamwona baba yangu analainisha ngozi kwa maji ya maganda ya mgunga, akasimama pale kwenye jua kutwa nzima anatazama. Kesho yake akanituma maganda. Chuma kilikuwa misumari ya reli iliyotupwa, tuliiokota mimi na yeye, tukiinama kama kuku. Utomvu wa kuipa rangi uzito tuliutoa kwenye migunga hiyo hiyo. Kwenye ndoo ile rangi haikuwa nyeusi, ilikuwa kama chai ya mtu maskini. Ilikuwa ikigusa kitambaa kilicholala kwenye maji ya mgunga, ndipo inaamka nyeusi. Niliona kitu hicho kila siku na kila siku nilishtuka.

Aliniambia kwao kazi hiyo ni ya baba na kaka. Wanawake walifua. Yeye aliiona kupitia mlangoni akiwa na nguo za kukamua mkononi. Alinisimulia akicheka, nami nikacheka, kama hadithi ya sungura.

Kukatokea mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Tabitha, wa shule ya wasichana Dodoma mjini. Alikuwa safarini, treni ikaharibika Bahi, kama kawaida yake, naye akaja dukani kununua biskuti akakuta kitambaa cha Ba kimetundikwa mlangoni kuzuia vumbi. Alikishika muda mrefu. Akauliza kimetengenezwa kiwanda gani. Kanti, kwa aibu, akasema ni mchezo wa mama yake. Mwalimu Tabitha akaingia mpaka uani, akapiga goti kabisa, "Shikamoo Bibi," akakaa kwenye mkeka mpaka treni ikapiga honi.

Alirudi baada ya mwezi na neno. Shule yao ilikuwa ikiwafundisha wasichana kushona na kufuma kwa mitindo ya Ulaya, naye alitaka wajifunze na kazi hii. Ba aende akakae shuleni, apewe chumba, afundishe. Kwanza lakini angekuja na bwana mmoja wa ofisi ya elimu, aone kazi kwa macho yake, maana bila huyo bwana hakuna chumba.

Ba akasema, "Mimi nakuja. Hii toto nakuja pia. Nasoma darasa, nalala kwangu. Hapana toto, hapana Ba."

Kanti akamwambia kwa lugha yao maneno mengi. Ba akaendelea kukunja kitambaa.

Baba yangu alikuwa ameshaanza mazungumzo na watu wa upande wa Kigwe kuhusu mimi, mambo ya ng'ombe. Mama akampelekea habari jioni ameinama. Baba akatema tumbaku, akasema, "Akija mtu wa serikali na barua, mimi nitasema nini?" Kwa baba huko ndiko kukubali. Mama usiku huo alinishonea gauni kutoka kwenye gunia la unga lenye maandishi mgongoni. Hakusema amefurahi. Lakini sindano ilikuwa ikienda mbio.

Basi. Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipita pembeni miaka yote, na hata kwenye kauntabuku hili nimesimama nikaenda kuota jua kwanza.

Siku moja kabla ya wageni, Ba alikuwa na homa na kikohozi. Alichapa kitambaa kimoja cha majaribio, akachoka, akaniambia, "Toto, osha mihuri. Halafu weka." Siku zote nilikuwa nikiosha nampa mwenyewe, anaifuta, anaipaka mafuta, anaiweka chini ya kitanda kwenye giza. Siku hiyo nilipomaliza kuosha alikuwa amelala, na Kanti amefunga mlango wa uani ili asisumbuliwe. Mama ananiita, twende. Nikaona nitaiachaje nje, mchwa wa Bahi unawajua? Nikaitia mihuri yote mitatu kwenye kikapu nikaenda nayo nyumbani.

Ilikuwa imeloa. Nami niliipenda.

Nikapanda nayo juu ya tembe. Nikaipanga katikati ya mlenda na karanga, nyuso juu, zielekee jua, mwezi wa tisa ule, saa sita, na upepo unavuma kutoka mbugani. Nikakaa kuilinda. Mbuzi mmoja wa jirani, mwenye pembe moja, alipanda mara mbili nikamfukuza kwa mawe. Nililinda vizuri sana. Hakuna mtoto Bahi aliyewahi kulinda kitu kama nilivyolinda mihuri ile. Alasiri nikasikia kitu, tak, kama kuni mbichi ikiwekwa motoni. Nikadhani ni boriti ya paa.

Jioni nilipoinua muhuri wa kwanza, ule wa mstari, ufa ulikuwa umetoka ukingo huu mpaka ule, umepita katikati ya ua. Wa pili ulikuwa umejikunja kama ukucha. Niliupaka ule wa kwanza mafuta ya kupikia, nikaufunga kamba, nikalala nao tumboni nikidhani labda joto la mwili litaurudisha. Mtoto ana mawazo yake. Sikumwambia mtu.

Asubuhi nilimpa Ba kikapu. Alikuwa amevaa nguo nyeupe mpya, nywele amezipaka mafuta. Alifungua. Akapitisha kidole gumba kwenye ule ufa, polepole, mwanzo mpaka mwisho. Kisha akaniangalia. Mimi nilikuwa nimevaa gauni langu la gunia na nikaangalia miguu yake. Aliniangalia kwa muda wa kukunja shuka moja kubwa. Halafu treni ikapiga honi.

Yule bwana wa ofisi alikuwa na kofia na leso ya kufutia vumbi, mtu mpole, simsemi vibaya. Ba akachapa. Dup. Dup. Kila ua likatoka na mstari mweupe katikati, kama limekatwa na kisu, na wa pili haukukaa popote, nukta zikapishana. Ba akarudia kwenye kona nyingine, ikawa hivyo hivyo. Mwalimu Tabitha alikuwa akimtazama yule bwana, si kitambaa.

"Bibi," yule bwana akauliza, "vyombo vimepata nini?"

Nilikuwa nimesimama hapo, umbali wa mkono.

Ba akasema, "Mimi nasahau juani. Mimi mzee sasa. Kichwa naenda." Akaniwekea mkono begani, ule mkono mweusi. "Lakini hii toto hapana sahau. Hii iko kichwa nzuri."

Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma. Wakasogea pembeni na Mwalimu Tabitha wakaongea Kiingereza. Kisha akarudi akasema kwa upole kwamba bibi apumzike, amefanya kazi nyingi, na darasa zima la wasichana ni mzigo hata kwa kijana. Kuhusu mimi hakusema kitu. Mimi nilikuwa nimefungwa kwenye safari ya Ba kama ndama kwa mama yake. Mama haendi, ndama aende wapi? Mwalimu Tabitha alisema ataandika barua. Kanti alikuwa akienda stesheni kila treni ya Jumanne kuuliza, yeye ambaye hakutaka. Barua haikuja.

Ba hakuchapa tena. Sikusikia tena ile dup. Alikaa uani na kikohozi chake, nami nikawa napita upande wa pili na ndoo ya mama. Akiniita kwa kidole najifanya sioni. Alikufa kabla ya mvua, na mwaka ule mvua yenyewe haikuja.

Walikuja Wahindi wanaume kwa treni kutoka Dodoma, wakapanga kuni ukingoni mwa mbuga. Sisi tulitazama kutoka juu ya tembe, mahali pale pale, nimekaa kwenye alama ya mihuri. Walimwaga samli. Mwisho Kanti akaja na kitu kimefungwa kitambaa cheupe, akakiweka juu ya kifua cha mama yake. Mihuri. Moshi ulipanda wima maana siku hiyo, ajabu, upepo ulikuwa umelala. Majirani walisema maneno mabaya. Kwetu mtu anazikwa karibu na zizi, asikie ng'ombe wake. Mama yangu akasema tu, "Wamemchoma na vyombo vyake." Na mimi nikashukuru. Nasema kweli, nilishukuru. Nikadhani kosa langu linaungua pale, limekwisha.

Siku ya nne Kanti alinisimamisha kisimani. Macho mekundu. Akanipa ule muhuri wa kwanza, wenye ufa. "Ba alisema hii ya toto," akasema. "Mimi sijui kwa nini, imepasuka."

Mwaka wa pili wake nikapelekwa Kigwe kuolewa, na gauni la gunia nikalivalisha mtoto wangu wa kwanza. Shule nimeiona nikipeleka wajukuu.

Miaka mingi nilidhani Ba aliniokoa. Nilijipa hadithi hiyo, ni tamu, mtu analala nayo. Nilishakuwa na watoto wakubwa nilipomkuta binti yangu amevunja mtungi na kusingizia paka, na mimi nikamwangalia, nikamsubiri. Mkono wangu ulisimama hewani. Nikajua wakati huo huo kwamba nimeshawahi kuangaliwa hivyo. Ba alikuwa akinisubiri. Alinipa muda, na mimi nikaangalia miguu yake. Ningesema neno moja, Ba, ni mimi, nimeanika juu ya tembe, yule bwana mpole angecheka, angesema mtoto ni mtoto, mihuri itachongwa mingine. Mtoto kukosea hakuzuii barua. Mzee kusahau ndiko kunakozuia. Na yule mama aliyeiba kazi yake kupitia mlangoni, akaibeba mpaka kwenye vumbi letu, alikuwa amebakiza mlango mmoja tu wa kuingia kama mwalimu. Nilimfungia mimi. Kwa woga wa kofi.

Mama yangu, kabla hajafa, nilimwambia. Alikuwa haoni tena. Akasema, "Nilikuona ukipanda nayo. Nikasema moyoni, mtoto wangu ana akili, anaianika."



Basi pale chuoni nikawaonyesha maganda ya mgunga, nikawaambia kitambaa kilale kwanza humo ndipo chuma kije. Rangi ikaamka nyeusi, na wale vijana wa simu wakashtuka kama nilivyokuwa nikishtuka. Ndipo nikafungua kitenge. Msichana mmoja, Upendo, akauchukua muhuri wangu, akauchovya, akagonga. Ua likatoka na mstari mweupe katikati.

"Bibi, huu mstari ni wa makusudi?" akauliza. "Mbona mzuri."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni, limekaa humo miaka yote: ni uzee wa mti.

"Ni mimi," nikasema. "Niliuanika juani. Mwenyewe akasema ni yeye."

Mwalimu Rehema akanisogelea. Upendo akauliza taratibu, "Ulikuwa na miaka mingapi, Bibi?"

"Ya kutosha kusema."

Sikulia. Nilikuwa nataka maji ya kunywa, nikageuka dirishani yaliko, ndipo nikaona. Yule kijana aliyesema ni msiba alikuwa ameshaosha mihuri mipya yote, mtoto mwema, hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameipanga nje kwenye ukingo wa dirisha, nyuso juu, kwenye jua la saa sita la Dodoma.

Magoti yangu si ya kukimbia tena. Nilikwenda. Niliiingiza mmoja mmoja, nikaiweka chini ya meza kwenye giza, nikaomba mafuta. Ilikuwa imeshaanza kupata joto. Nikakaa chini sakafuni pembeni yake, mkono juu ya mihuri, mpaka ikapoa.